Kanga ya Pindo Tatu

Kizito ndiye aliyeniambia kwamba Wakazaki hukamatwa katikati ya neno, nami nikaamini kuliko nilivyoamini kwamba theluji ni maji. Tulikuwa kwenye bembea zilizoganda nyuma ya jengo letu pale Fittja, kitongoji cha Stockholm, naye alieleza kwa utulivu wa mtu aliyeshuhudia. Kwao Wakazaki, alisema, serikali inabadilisha herufi kama watu wengine wanavyobadilisha shuka. Leo mnaandika kwa hizi, kesho asubuhi linapita gari lenye kipaza sauti: herufi za jana marufuku. Atakayekutwa na kalamu mkononi, ameandika nusu neno kwa herufi za jana, hapewi hata nafasi ya kuweka nukta. Anabebwa yeye na kalamu yake.

"Ndiyo maana kule hakuna kitu imekwisha," Kizito alisema. "Kitabu nusu. Kibao ya duka nusu. Hata kaburi, jina nusu. Wewe hapana jua?"

"Sijui."

"Basi mimi nakwambia."

Kizito alinizidi mwaka mmoja au miwili. Alikuwa Mganda, baba yake alikuwa ametoka Kampala kwa kukimbia, na katika mambo ya serikali na magari yanayobeba watu, yeye kwetu alikuwa profesa. Ungembishia na nini?

Nimeyakumbuka haya majuzi, tulipofungua sanduku la mama baada ya arobaini yake. Ninyi mliokula chumvi kama mimi mnajua sanduku la mama linavyofunguka: harufu ndiyo inatangulia kutoka, kama mwenye nyumba anayekuja kukupokea mlangoni. Udi, vidonge vya kufukuzia nondo, karafuu kidogo. Halafu chini kabisa, nyuma ya hizo zote, harufu ya sufu ya kondoo iliyowahi kulowa. Mama hakufuga kondoo maishani mwake. Nilikaa sakafuni pale pale, mtu mzima na upara wangu, nikawa mtoto wa darasa la pili.

Fittja ya siku zile ilikuwa mpya hata kuta zilinuka saruji, na treni ya chini ya ardhi ilikuwa imetufikia juzi tu. Upepo uliovuma kati ya majengo yale, nawaambia, uliwahi kumpiga mbwa wa jirani mpaka akabweka kinyumenyume. Baba, mtu wa Tanga, alikuwa amesomea umeme Kiev, kisha akaletwa Stockholm kujifunza kazi kwenye kiwanda cha simu. Alikuja kwa miezi michache, akabaki maisha. Mama alimfuata na mimi mgongoni, sanduku hilo moja mkononi, na msimamo mmoja usiopinda: mwanamke hatoki na kanga isiyopindwa. Doti ikifika kutoka nyumbani, hata chai hainywewi. Inakatwa vipande viwili, na zile ncha zilizokatwa zinapindwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama nyayo za sisimizi.

"Kanga inayoning'inia nyuzi," alikuwa akisema, "ni kama mtu aliyetoka msalani hajafunga suruali."

Ghorofa ya chini yetu walikaa Wakazaki, na mkubwa wao alikuwa bibi tuliyemwita Apa, kama wajukuu zake walivyomwita. Alikuwa mfupi, mpana, kilemba cheupe kimemzunguka uso kama mwezi, na miguu ya upinde ya mtu aliyezaliwa juu ya farasi. Historia yake niliisikia kwa mjukuu wake Ainur, rika langu, kwa Kiswidi kile cha watoto wa Fittja kilichokuwa na kila kitu ndani yake. Apa aliondoka kwao nyikani akiwa bi harusi, mwaka wa njaa kubwa, akavuka mpaka kuingia upande wa China na mumewe. Kutoka huko wakavuka milima, tena milima mingine, wakateremkia Uturuki. Mwanawe, baba yake Ainur, ndiye aliyefuata kazi Sweden. Nyuma kabisa, kule walikoanzia, alibaki dada yake mkubwa. Walikuwa wawili tu kwa mama yao, na tangu siku ile Apa alipopanda farasi kuondoka hawakuonana tena.

Mama na Apa walikutana kwenye chumba cha kufulia. Waswidi wanakiita tvättstuga na wanakiheshimu kama kanisa: kiko chini ya jengo, kila familia na zamu yake, na atakayepitisha zamu hata kidogo anatazamwa vibaya mpaka majira ya joto. Siku hiyo mama alikuwa ametundika kanga ya marehemu bibi yake, kuukuu, ya zamani zile ambapo jina la kanga liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Apa akaingia na beseni lake. Akasimama. Akaisogelea kanga, akaweka kidole kwenye maandishi, akasoma kwa sauti nzito ya nyikani, akivuruga silabi mbili tatu:

"Ji-ra-ni mwe-ma ha-na m-la-ngo."

Mama aliruka nusura aangukie mashine.

"Ala! Kumbe bibi wa kwetu! Shikamoo! Wa wapi wewe, Mombasa? Na muda wote huu tunapishana kwenye ngazi unaninyamazia, nami nakufa kwa upweke humu!" Akamwaga Kiswahili kama mtu aliyefungulia bomba lililokauka tangu Tanga. Apa alisubiri mpaka mafuriko yapite, kisha akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa ameelewa hata neno moja. Alisoma tu. Herufi zilikuwa zile zile alizofundishwa utotoni na shehe wa hema lao, na mama alizifundishwa kwenye chuo cha Kurani Tanga. Basi wale wanawake wawili walisimama mbele ya kanga iliyolowa, mmoja anasoma asichokielewa, mwingine anacheka na kufuta machozi, na Mswidi mwenye zamu inayofuata kasimama mlangoni, saa mkononi.

Tangu hapo wakawa mtu na dada yake. Hawakuwa na lugha, walikuwa na chai. Palipohitajika maneno, Apa alimwambia Ainur kwa Kikazaki, Ainur akaniambia kwa Kiswidi, nami nikamwambia mama kwa Kiswahili, nikitia chumvi kidogo njiani ili safari isiwe kavu.

Ainur ndiye aliyenieleza kwamba bibi yake hajui herufi nyingine zaidi ya zile. Kule kwa dada yake, alisema, herufi zilibadilishwa, zikaja za Kilatini. Kabla watu hawajazizoea zikabadilishwa tena, zikaja za Kirusi. Nilimpelekea Kizito habari hizo zikiwa za moto, naye akaziongezea gari, kipaza sauti na watu waliobebwa, kama mlivyokwisha kusikia.

Msicheke. Hofu ile ilikuwa na mizizi kwangu. Bibi yangu wa Tanga naye aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, na barua zake zilipofika nilizitazama kwanza mwishoni, kuhakikisha sentensi ya mwisho imeisha na bibi hajabebwa. Shuleni nikawa siachi neno njiani. Kengele ikilia, watoto wenzangu wamekwisha fika kwenye theluji, mimi bado nimeinama namalizia. Mwalimu aliwaambia wazazi wangu kwamba hajaona mtoto mwenye bidii kama mimi. Haikuwa bidii jamani, ilikuwa woga.

Halafu, majira ya vuli, likaja zulia.

Naliita zulia kwa kukosa neno. Wakazaki wana pazia zito la kutundika ukutani, nyuma ya kitanda, lililotariziwa kwa sufu, wanaliita tuskiizi. Hili lilitoka kwa dada mtu, huko Alma-Ata, jiji la Wakazaki, likapita mikono ya watu mpaka Istanbul, na mikono ya watu wengine mpaka Fittja. Lilikuwa limelowa njiani, na lilipokunjuliwa ghorofa nzima ilinuka zizi. Rangi nyekundu, nawaambia, nyekundu ya kumfanya jogoo aone haya! Na juu yake pembe za kondoo dume zilizojikunja, za njano, za buluu, za kijani, zikifuatana kama mawimbi.

Mimi mtoto wa mama niliona kitu kimoja tu: kanga. Kanga ya majitu. Lina mji wake katikati, lina pindo lake kuzunguka, na pale chini, panapokaa jina, kuna maandishi. Ila nilipolihesabia pindo nikakuta la juu lipo, la kulia lipo, la kushoto lipo, la chini halipo. Upande wa chini kitambaa kilikuwa kitupu, na zile pembe za kondoo ziliishia hewani. Moja ilikuwa imekatika katikati ya mkunjo, uzi umeachwa.

Kanga ya pindo tatu! Nilielewa papo hapo, na nikatamani nisielewe. Dada yake Apa alikuwa anashona. Gari likapita.

Apa aliweka kiganja juu ya maandishi, akakiacha pale. Yalikuwa ya Kirusi, herufi zile za mwisho kuja. Alisema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasema ni mkono wa dada yake," Ainur akatafsiri. "Anaujua mshono wake. Lakini hajui kamwandikia nini. Na baba naye hajui, yeye anajua za Kituruki tu."

Fikirieni hiyo. Lugha moja, dada wawili, na neno limesafiri nusu ya dunia likafika mpaka ukutani, halafu haliingii. Kwa upande wangu nilikuwa na sababu ya pili ya kutaka lisomwe: huenda lilikuwa kilio cha kuomba msaada.

"Baba yangu anazijua hizo," nikasema.

Baba alivaa tai. Kwa miaka yote aliyokaa Sweden hakuna mtu aliyewahi kumwomba Kirusi chake, akawa anakitumia kunigombezea tu. Aliteremka ngazi kama balozi, akasalimu, akavaa miwani, akapiga goti mbele ya lile pazia. Mama nyuma yake, Ainur na mimi pembeni, Apa kwenye kiti chake, mikono mapajani.

"Hiki si Kirusi," baba akasema. "Herufi ni zao, maneno siyajui."

"Hukuitwa kuyajua," mama akamwambia. "Umeitwa kuyasoma. Soma."

"Sasa nisome nisichokijua?"

"Mwenzio alisoma kanga ya bibi yangu kwa maji ya sabuni. Soma, baba Saidi!"

Baba akakohoa. "Bo-tam," akasoma.

Apa alishtuka kama aliyeguswa na barafu shingoni. Ainur akaninong'oneza: maana yake mtoto wangu wa ngamia. Ndivyo dada mtu alivyokuwa akimwita bibi yake utotoni, na watu wote waliolijua jina hilo walikuwa wamekwisha kufa, ila mmoja.

Baba akaendelea, akakwama. "Hapa kuna K yenye mkia. Kiev haikuwepo hii." Akajaribu K ya kawaida. Apa akatikisa kichwa, akafungua mdomo, akaitoa ile sauti chini kooni kabisa. Baba akageuka, uso umemwangaza.

"Si kafu hii, ni qafu! Qafu ya chuoni! Mngesema tangu mwanzo!"

Na kwa ulimi wa Tanga, kwa herufi za Kirusi, kwa qafu ya Kurani, katika ghorofa ya Fittja, baba yangu akamsomea mwanamke wa nyikani maneno ya dada yake: "Qolim jetpese de, jibim jetsin." Akayasoma tena. Apa akaanza kuyafuata kwa midomo, mara ya tatu wakayasema pamoja, na sauti ya baba, ambayo sijaisikia hivyo kabla wala baada, ikawa ndogo na ya adabu, kama ya mtu aliyebeba maji ya mwenzake.

Ainur akaniambia, nami, kwa mara ya kwanza bila kutia chumvi, nikamwambia mama: Mkono wangu usipofika, uzi wangu na ufike.

Mama alipiga vigelegele. "Hilo ni jina la kanga! Wallahi hata kiwandani hawajatunga kama hilo!" Apa alikuwa analia na kucheka, amemshika baba mkono hauachi, na baba tai imemkaa upande. Ni mimi peke yangu niliyekuwa naangalia chini, kule pembe ilikokatika. Uzi ulikuwa umefika, sawa. Lakini mwenye uzi yuko wapi?

Wema wa mama ndio uliovuruga mambo. Siku chache baadaye alishuka na sindano na sufu nyekundu aliyoitafuta mpaka mjini. Kwa akili yake ya Tanga mambo yalikuwa wazi: kitu kimetoka mbali, kimefika hakijapindwa, na shoga yako hana macho mazuri tena. Utamwacha adhalilike? Aliketi chini, akatunga uzi, akashika ile ncha tupu, akachoma mshono wa kwanza.

"Joq!"

Hata mimi nisiyejua Kikazaki nilijua hiyo ni hapana. Apa alimrukia mama na kumkamata mkono, nguvu zote. Akauchomoa ule mshono, akalifunika pazia kwa mwili wake. Ainur hakuwepo wa kutafsiri, alikuwa kwa daktari wa meno. Mama alisimama, akakusanya sufu yake, akapanda ngazi bila kugeuka.

"Amenitoa kama mwizi," alimwambia baba. "Mimi! Kwa kutaka kumstiri!"

Nyumba mbili zikanuna. Baridi ile, nawaambia, ilikuwa kali mpaka salamu zilikuwa zinaganda kwenye ngazi, lakini wao hata salamu za kuganda hawakuwa nazo. Mama alibadilisha zamu ya kufulia. Chai aliinywa peke yake dirishani, na mimi nilimwona anavyoiacha ikapoa. Kwenye mji mzima ule alikuwa na rafiki mmoja, na sasa hana.

Nilimwuliza Kizito. Aliwaza sana.

"Ile ni ushahidi," akasema. "Nani anashona juu ya ushahidi? Yeye anangoja dada yake itoke jela, imalize yeye mwenyewe."

Ilinikaa barabara. Nikawa nikipita mlango wa Apa napita kwa kunyata, kama watu wanavyopita penye msiba, na pembe ile iliyokatika ikanifuata mpaka usingizini.

Mdogo wangu Mwanaidi alizaliwa theluji ikianza kuyeyuka. Siku mama aliporudi kutoka hospitali, mlango ukagongwa, na alikuwa Apa na sufuria la mchuzi wa kondoo, Ainur nyuma yake. Mama alijiinua kitandani. Apa akaketi ukingoni, akamtazama mtoto, akaanza kusema. Nikasogea nichukue nafasi yangu kwenye mnyororo wa tafsiri.

"Wewe nje," mama akaniambia. "Haya ya wanawake. Ainur Kiswidi chake nitakielewa."

Nikatolewa. Nilibandika sikio mlangoni mpaka likawa bapa, nikasikia Kiswidi kidogo kidogo, halafu mama anasema, "Astaghfirullah, nami na sindano yangu!" kisha wote watatu wakaangua kicheko. Wakawa dada tena mpaka Apa alipofariki, mimi nikiwa kijana. Nilidhani mtoto ndiye aliyewapatanisha. Watoto wana sifa hiyo.

Maisha yakanichukua. Shule niliiacha mapema, nikaendesha mabasi, nikaoa, na cheti changu nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na wanangu wawili wanaonisahihisha Kiswidi. Na huko, nawaapia, mwalimu wa historia akafundisha kwamba ni kweli: Wakazaki walibadilishiwa herufi, Kiarabu kwenda Kilatini, Kilatini kwenda Kirusi, na katika miaka ile wasomi wao wengi walikamatwa kweli. Wenzangu waliandika kwa utulivu. Mimi jasho lilinitoka. Kizito, yule mwongo wa bembeani, alikuwa amesema kweli! Basi elimu, badala ya kunitoa ujinga, ikaupigia muhuri. Nikamaliza shule nikiwa na uhakika kwamba dada yake Apa alibebwa katikati ya pembe ya kondoo.

Ndiyo nikafika kwenye sanduku. Chini kabisa, karibu na ile harufu ya sufu, kulikuwa na kanga moja nisiyoijua, mpya, imefungwa ndani ya kipande cha kitambaa cha sufu cha Apa. Niliikunjua. Ncha moja ilikuwa imepindwa, sisimizi wake wote wamejipanga. Ncha ya pili ilikuwa tupu, nyuzi zinaning'inia. Mama yangu! Kanga isiyopindwa, tena kwa mkono wake! Nikamwona dirishani, sindano mkononi, na lile gari ambalo halina kipaza sauti, linalotupitia sote, likisimama chini ya jengo.

Ainur alikuwa amekuja na mumewe kutoka Hallunda kutusaidia. Bado tunazungumza Kiswidi kile kile, ingawa sasa kina mvi. Akanikuta sakafuni.

"Hakuwahi kuimaliza," nikamwambia. "Kama dada yake Apa. Naye walimchukua hajamaliza."

"Nani alimchukua?"

Nikamweleza. Kizito, gari, ushahidi, pembe iliyokatika, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na kwa heshima ya msiba alijitahidi sana asicheke.

"Hakuna aliyemchukua," akasema. "Alikufa mzee, kitandani kwake, akilalamika kwamba chai haina rangi. Ule upande wa chini huwa tunauacha wazi makusudi. Ukiufunga, umefunga maisha ya unayempa. Bibi alimweleza mama yako alipozaliwa Mwanaidi, na mimi ndiye niliyetafsiri." Akaichukua kanga, akaigeuza, akanionyesha jina langu, Saidi, limeshonwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe. "Hii alikushonea wewe ulipohama nyumbani, akakuwekea. Usiipinde."